Baiskeli ya Muuguzi Iliyokimbia Mno

Ti! Chaja ya baiskeli ya umeme ililia kwenye kona ya sebule kabla hakujapambazuka. Betri imejaa. Muuguzi aliisikia akiwa kitandani, lakini hakuinuka.

Mumewe, fundi cherehani, alimletea chai. "Leo huendi kwa wagonjwa?"

"Yule mwalimu mstaafu amenikataza kwenda kwake."

Jana alikwenda kumfunga mzee huyo kidonda cha mguu. Langoni alikaza breki. Baiskeli haikusimama. Iligonga mkongojo wa mzee, ukaruka hadi barazani.

"Mwanangu, usije tena," mzee alisema. "Nitajifunga mwenyewe."

Atajifungaje? Mgongo wake haupindiki, mkono haufiki mguuni.

"Wiki nzima baiskeli hii ina wazimu," muuguzi alisema. "Zamani nikifika mwendo fulani, mota iliacha kusukuma. Sasa inapaa tu. Kwa nini?"

Swali hilo halikumpa raha. Kulipokucha, waliipeleka kwa jirani yao, Mama Spana, fundi wa baiskeli.

Mama Spana alichora mstari wa chaki chini. "Njoo kwa kasi ya sasa. Ukifika hapa, funga breki."

Muuguzi alisimama hatua kumi na sita baada ya kuupita mstari. Akarudia kwa mwendo wa zamani. Hatua sita tu.

"Lo!" muuguzi alisema. "Kasi haijafika hata mara mbili ya ile ya zamani!"

"Lakini umbali wa kusimama hukua haraka kuliko kasi," alisema Mama Spana. "Breki hizi zimetengenezwa kwa kilomita ishirini na tano kwa saa. Sheria yetu inataka mota iache kusukuma hapo. Ukizidisha, hicho ni chombo kingine, kama pikipiki. Kinataka leseni, na breki za nguvu zaidi."

Akafungua kisanduku chini ya kiti. "Waya huu mweupe ndio unaoiambia mota iache. Unatoka humu na kurudi humu humu. Nani kaukata? Tena vizuri, kwa mkasi mkali!"

Fundi cherehani akakohoa. "Nilikuwa napima kifuniko cha kiti. Nikaona kitu kinaning'inia, hakiendi popote..."

"Shemeji! Ukadhani ni uzi wa pindo la suruali?"

Walicheka wote, fundi cherehani kuliko wenzake. "Nisamehe, mke wangu. Ilinipasa kuuliza kwanza."

Akashika tochi, Mama Spana akaunganisha waya. Walijaribu tena. Kwenye ishirini na tano, mota ikanyamaza.

Muuguzi alikwenda kwa mwalimu. Alishuka mbali na lango, akaisukuma baiskeli kwa mkono. Akamwomba mzee radhi, akamsimulia yote.

"Hatua kumi na sita? Ulizihesabu mwenyewe?"

"Mwenyewe, Mwalimu. Na sasa ni sita."

Mzee akanyoosha mguu. Muuguzi akapiga magoti, akafungua bandeji taratibu.

"Kesho uje tena, mwanangu," mzee alisema. "Na huyo mkata waya uje naye. Nataka kumwona."