Bakora Haichimbi Kisima

Jua lilikuwa halijapanda vizuri, na Adija alikuwa tayari kisimani mara ya pili. Hakikuwa kisima cha mtaa wao. Kisima chao kilibomoka wakati wa masika ya mwaka juzi, mchanga ukakijaza. Tangu hapo alitembea mpaka mtaa wa pili, asubuhi mara mbili na jioni mara moja. Mgongo wake ulikuwa ukimuuma hata akiwa amekaa.

Kabla ya kuolewa, binti yake Chausiku alikuwa akimsaidia. Sasa Chausiku alikuwa na mimba ya miezi saba, amerudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi. Adija hakutaka abebe mtungi. Usiku aliwaza jambo moja tu: mtoto akija, maji yatatoka wapi?

Kwenye kisima cha watu, mgeni huteka mwisho. Adija akangoja.

"Mtaa wenu hauna watu?" akauliza Sihaba, mwanamke wa mtaa ule. Ulimi wake ulikuwa mkali.

"Watu tupo."

"Hamna majembe?"

"Majembe tunayo."

"Basi mmekosa nini ninyi?"

Wanawake wakacheka. Adija akateka, akajaza mtungi wake. Aliyechoka sana hata kugombana huona kazi. Sihaba akamtazama, akaacha utani. Akaushika mtungi kwa mikono miwili, akamtwika taratibu, kama anayemtwika mgonjwa.

"Nenda salama, dada," akasema.

Siku hizo zilikuwa miaka miwili mitatu kabla ya Wajerumani kupandisha bendera yao pwani. Mji wao mdogo, karibu na Mbegani, ulikuwa na mitaa minne. Kila mtaa ulikuwa na mkubwa wake, akiitwa diwani. Jina hilo tunalo hata leo. Madiwani wale walikutana na kuamua mambo ya mji: njia ipi ifyekwe, kisima kipi kichimbwe, na watu wa mtaa gani waende kuwasaidia wenzao kazi.

Mtaa wa kina Adija uliitwa Kwa Mwinyimvua, kwa jina la diwani wao. Mzee Mwinyimvua alikuwa amefariki yapata miaka miwili. Alikuwa mjomba wa Mwinjuma, mume wa Adija, naye ndiye aliyemlea. Mtaa mzima ulimpenda. Alipokufa, hakuna aliyetaka kukaa mahali pake. Ilionekana kama kumzika mara ya pili. Kwa hiyo kila madiwani walipokutana, Mwinjuma alivaa kanzu yake safi, akachukua bakora ya marehemu, akailaza juu ya mkeka pale mzee alipokuwa akikaa. Yeye mwenyewe alikaa nyuma, kimya.

Siku ile alirudi kutoka mkutanoni jioni, uso umechangamka.

"Tumeheshimiwa, Mama Chausiku. Hakuna aliyekanyaga mkeka wa mjomba."

"Na kisima?"

"Wamegawa siku za kazi. Mtaa wa chini wamepewa siku nne za kujengewa ukuta wa makaburi. Mtaa wa pili wamepewa siku tatu."

"Na sisi?"

Mwinjuma akaanza kukunja kanzu yake. "Hatukutajwa."

"Wewe hukusema?"

"Nitasemaje? Mimi si diwani. Mwenye kusema pale ni diwani."

Adija akamtazama mumewe. Alijua ni mtu mwema, na kwamba amechoka kama yeye, kwa namna nyingine. Akampakulia chakula.

Kesho yake, akirudi kutoka kisimani, Adija akateleza. Mtungi ukavunjika, goti likachubuka na kuvimba. Chausiku alipomwona mamaye anachechemea, akachukua ndoo ya ngozi aende yeye. Mwinjuma akamnyang'anya.

"Kaa chini, mwanangu. Nitakwenda mimi."

Mwanamume kwenda kuteka maji kwenye kisima cha wanawake! Adija alitaka kumzuia, lakini goti lilikataa.

Bi Mize, jirani yao, akaja na mafuta ya nazi. Alikuwa mjane mzee, aliyelelewa Kaole katika nyumba ya diwani. Alikuwa bado anamkanda Adija wakati Mwinjuma aliporudi, kanzu imelowa, ndoo imejaa nusu.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, baba. Mbona umelowa hivyo?"

"Wamenicheka," akasema Mwinjuma, akakaa kizingitini. "Wamenipigia vigelegele. 'Karibu, bibi harusi!' Halafu yule Sihaba akaniuliza, 'Kwenu hamna diwani?' Nikamwambia, 'Yupo.' Akasema, 'Yuko wapi?'"

"Ukamjibuje?"

Mwinjuma akakamua upindo wa kanzu. "Nikakosa la kusema. Yuko makaburini, Bi Mize. Nitasema nini?"

Chausiku akageuza uso asicheke. Bi Mize yeye hakucheka.

"Mwinjuma, unamheshimu mjomba wako, na Mungu atakulipa. Lakini wenzake wakiiona bakora, wanahesabu kwamba mtaa wetu umefika. Na kwa kuwa haikulalamika, wanajua hatuna shida."

"Tukimweka mwingine, mtaa utaitwa kwa jina la huyo mwingine. Jina la mjomba litapotea."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake. Adija hakuwahi kulisikia kabla.

"Sikiliza, mwanangu," akasema Bi Mize kwa upole. "Mimi nimezaliwa mtaa uitwao Kwa Majaliwa. Huyo Majaliwa alikufa kabla nyanya yangu hajazaliwa. Baada yake wamekaa madiwani wengi, wazuri na wabaya. Lakini hata leo ukipotea njia utaambiwa, 'Pita Kwa Majaliwa.' Mtaa haukubadilika jina, na watu hawakukosa msemaji."

Mwinjuma akainamisha kichwa. "Basi anachaguliwaje? Mimi sikuwahi kuona. Mjomba alikaa tangu mimi mdogo."

"Kila nyumba hutoa neno moja. Nyumba yenye mume, mume husema baada ya kushauriana na wa nyumbani kwake. Nyumba ya mjane, mjane husema mwenyewe. Msimtazame anayelisha watu wali, maana wali huliwa siku moja. Mtazameni aliyewafanyia watu kazi kabla hajaitwa. Mkishakubaliana, wazee wampeleke kwa madiwani wenzake, wamfunge kilemba. Basi."

Ijumaa, baada ya sala, nyumba zote za mtaa zikakutana barazani kwa Mwinjuma. Wanawake walikaa ndani, upande wa ukumbi. Wengine walimtaja Mwinjuma, kwa kuwa ni damu ya marehemu. Akasimama.

"Ndugu zangu, mimi nimekaa nyuma ya bakora miaka miwili, sikufumbua mdomo. Nyumba yangu imeshauriana. Neno letu ni Kibwana."

Watu wakaguna. Kibwana alikuwa msuka makuti. Aliezeka nyumba za wajane bila kuombwa, kisha akaondoka kabla hajapewa hata kahawa. Lakini alikuwa na kigugumizi.

"Kibwana!" mzee mmoja akasema. "Atasemaje mbele ya madiwani?"

Sauti ya Bi Mize ikatoka ukumbini. "Bakora imekaa pale miaka miwili, haijasema hata kwa kigugumizi."

Kicheko kikaenea, hata Kibwana mwenyewe akacheka. Nyumba ishirini na sita zikatoa neno. Kumi na tisa zikamtaja yeye. Mwinjuma akampa bakora kwa mikono miwili. Adija aliona vidole vya mumewe vikichelewa kuiachia, naye Kibwana hakuivuta. Alingoja.

Madiwani wakamtambua, wakamfunga kilemba. Katika mkutano wake wa kwanza, mwezi uliofuata, Kibwana alisimama kusema "kisima." Neno lilikataa kutoka. Hakukaa chini. Alirudia, na kurudia, mpaka jasho likamtiririka na baraza lote likanyamaza. Lilipotoka, hakuna aliyelisahau. Mtaa wa Kwa Mwinyimvua ukapewa siku tano, na watu wa mitaa yote.

Walikuja na majembe na vikapu. Sihaba akaja na sufuria kubwa ya uji.

"Nimechoka kuwaona kisimani kwangu," akasema, akimpa Adija bakuli la kwanza.

Siku ya nne maji yakaonekana, yakiwa na tope. Siku ya tano yakasafika. Majuma matatu baadaye Chausiku akajifungua mtoto wa kike. Mwinjuma ndiye aliyekwenda kuteka maji ya kumwogeshea, hatua arobaini kutoka mlangoni, na hakuna aliyempigia vigelegele.

Adija akamwogesha mtoto, akamfunika, akamlaza kwa mamaye. Kisha akakaa kizingitini, akanyoosha mguu wenye goti bovu. Ilikuwa adhuhuri. Mtungi mpya umejaa, ndoo imejaa, na hakuwa na safari ya kwenda popote.

Akaegemea mlango, akafumba macho.