Samaki Kumi na Mmoja wa Mwalimu

Walikutana benki, saa tano asubuhi, kwenye foleni iliyopinda mpaka mlangoni. Muuza samaki wa mapambo alikuwa na mfuko wa maji wenye samaki wawili, na ilipofika zamu yake ya kusaini akamwomba dada wa nyuma yake, fundi cherehani mwenye sketi ya zambarau, amshikie. Fundi akashika. Miezi mitatu iliyofuata hakukosa dukani kwake alasiri hata moja, naye muuza samaki akamwita mpenzi wake huyo Sindano kwa jinsi ulimi wake ulivyochoma.

Raha yake ingekuwa kamili, kama si Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mteja mrefu, mwenye magauni yanayomkaa hasa, na ndiyo kwanza anajaza tangi lake la kioo. Akipiga simu asubuhi, mchana atapiga tena. Samaki yupi akae na yupi? Muuza samaki alimjibu kwa upole uliomchoma Sindano moyo: achague wanaopenda joto moja la maji, wapole kwa wapole, na zaidi aangalie midomo, maana samaki anayeenea mdomoni mwa mwenzake hakai naye. Sindano aliyasikia hayo mpaka akayajua kichwani. Akamuuliza kama na yeye akinunua samaki atasemeshwa hivyo. Mwenzake akacheka tu, na donge likazidi.

Siku moja simu ililia muuza samaki mikono imo majini. Sindano akapokea. Mwalimu alikuwa amepewa na jirani samaki mkubwa mwenye madoa. Je, amchanganye na wale wadogo? Jibu Sindano alikuwa nalo. Wivu ukamtangulia.

"Changanya tu," akasema. "Watazoeana."

Kesho yake Mwalimu aliingia dukani macho mekundu. Wadogo kumi na mmoja, wote wameliwa. Muuza samaki alimtazama Sindano, kisha akamwambia mteja kosa ni la duka, atapata wengine. Mwalimu akaondoka bila kuaga.

"Nilijua watakufa," Sindano alisema. "Nilikuonea wivu."

"Najua ulijua. Ndiyo maana imeniuma." Alijifuta mikono taratibu. "Samaki nitatoa mimi. Ukweli utaupeleka wewe. Usipoupeleka, mimi na wewe basi."

Sindano alichagua mwenyewe kumi na mmoja, wapole, wenye midomo midogo. Alibadili kitambaa cha kichwa mara mbili, hofu imemjaa, akaenda. Saa moja ikapita ndipo akampigia muuza samaki simu.

"Umemwambia?"

"Yote. Hata wivu."

"Akasemaje?"

"Alinuna, mpenzi, alinuna kweli. Halafu akaniuliza harusi lini."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia akuulize wewe. Namba si anayo?"

"Subiri. Huyo anapiga sasa hivi."

"Mpokee," Sindano alisema, na kwa mara ya kwanza moyo wake haukumchoma. "Umtajie tarehe."