Mlio wa Redio Isiyo na Betri

Tii.

Mara moja tu, usiku, kisha kimya. Wiki ile nililala kitanda kimoja na dada yangu Rufina, maana mumewe alikuwa safarini. Nilihisi mwili wake ukikakamaa kando yangu.

"Umesikia?"

"Panya," nilimjibu.

"Panya wa wapi anayepiga redio, Agata?"

Asubuhi tulipalilia magimbi kama kawaida. Niliporudi nilichungulia chumba cha nyuma. Redio ilikuwa mahali pake juu ya meza, imefunikwa kanga kuukuu. Betri ilikuwa nje, uani, kuku amelala juu yake.

Redio ile na mashine nyingine alizikusanya baba mkwe wa dada. Msitu wa kisiwa chetu umejaa chuma cha vita, na wenzake walikata mabawa ya ndege za kivita zilizoanguka, wakayauza kwa kilo. Yeye alitaka vilivyokuwa vikisema. Alileta redio ya walinzi wa pwani, nzito kama jeneza. Alileta pete ya shaba, pana kama ungo, iliyong'olewa kwenye ndege iliyodondoka katika kinamasi cha miti ya sago. Ukiizungusha polepole, inakuonyesha sauti inatoka wapi. Na alileta kisanduku cha manjano chenye kiuno chembamba, walichopewa marubani kwa ajili ya kuokolewa baharini. Unakibana kwa mapaja, unazungusha mpini, nacho chenyewe kinaita msaada.

Hakuviweka kama mapambo. Alivitia betri za lori, akavifufua, na kila jioni akabonyeza kitufe mara moja. Tii. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwa wenzake wa visiwa vya jirani. Aliyeisikia alipaswa kumjibu kwa jina. Asiyejibiwa, alisema, bado yuko njiani.

Rufina alijifunza kwake, ingawa mwiko ulikuwa kati yao. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, na mzee mwenyewe hakumsemesha mke wa mwanawe uso kwa uso. Kwa hiyo alimpa mgongo, akaiambia mashine. "Redio, mwambie mke wa mwanangu asikaze skrubu kama anakaba kuku." Rufina naye, akizuia kicheko: "Redio, mwambie mzee ashushe tochi, ananipofusha." Hivyo ndivyo walivyopendana, migongo kwa migongo, miaka mingi.

Alipokufa wanaume walimzika kilimani, kwenye nyumba ya zamani ya wanaume, mahali ambapo mwanamke hakanyagi. Tangu siku ile hakuna aliyelitaja jina lake. Jina la marehemu hufungwa mpaka kaburi litiwe saruji na nguruwe waliwe, na mdogo wake, Kaspar, alikuwa akiiahirisha karamu kila msimu. Mimi mwiko wa mkwe haukunifunga. Lakini nilikula chungu kimoja na wao, nami sikulitaja. Sitalitaja hapa kabla ya Rufina kulitaja.

Mlio ulianza baada ya mazishi.

Bonifas, mume wa dada, ndiye aliyechoka kungoja. "Saruji naifuata mwenyewe ng'ambo, mjini Namatanai," alisema, akasukuma boti ya faiba majini. Rufina alimrushia kisanduku cha manjano. "Shika bibi yako huyu." Bonifas alikikumbatia, akakibusu, na pwani nzima ikacheka.

Siku ya kurudi ilipita. Mashua za utafutaji zilienda kusini, unakokimbilia mkondo wa msimu ule, zikarudi tupu. Ikabaki petroli ya safari moja. Padri akaanza kusema kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko kilio.

Rufina hakulia. Alimfukuza kuku, akaunga betri, akavaa hedifoni. Alikaa hivyo tangu alfajiri. Karibu na adhuhuri alininyooshea sikio moja la hedifoni.

Ndani ya mchakacho, mbali, dhaifu, nilisikia: fupi tatu, ndefu tatu, fupi tatu.

"Kisanduku," nilinong'ona.

"Yu hai."

Alizungusha pete mpaka sauti ikafifia, ikatoweka. Pale inapotoweka ndipo ilipo njia yake. Aliweka dira, akachora mstari mchangani. Ncha moja ilikwenda kusini. Nyingine ilikwenda kaskazini.

"Ipi?" nilimuuliza.

"Pete inajua mstari. Haijui mbele na nyuma. Lazima tupime tena kutoka pembeni, na upesi. Jua likizama, pete hudanganya."

Pembeni palikuwa na mahali pamoja tu pa kupimia. Mikoko ilifunga upande mmoja, upande wa pili kilisimama kilima.

Kaspar alitukuta chini ya njia, redio ikining'inia kwenye mti mabegani mwetu, betri mgongoni mwangu. Midomo yake ilikuwa myekundu kwa popoo aliyokuwa akitafuna. Nyuma yake walisimama vijana wa boti.

"Mke wa mwanetu, unakwenda wapi na hayo makopo?"

"Kilimani, baba mdogo."

"Mwanamke hajapanda huko tangu kisiwa kiwe kisiwa."

"Basi leo atakuwa amepanda."

"Tumbo likikuvimba usije kutulilia! Boti inakwenda kusini. Mkondo unakwenda kusini."

"Ikienda kusini bure, petroli imekwisha na mume wangu amekufa. Hutaki nipande? Panda wewe. Unajua kuizungusha hii pete?"

Kaspar alitafuna. Hakumeza, hakutema.

"Si anajua kuzungusha maneno tu," kijana mmoja akasema chini chini, wenzake wakaguna kicheko. Tukapita.

Jua lilikuwa kali kule juu. Nguzo za nyumba ya wanaume zilisimama bila paa. Kaburi lilikuwa udongo mwekundu mtupu. Hakuna ndege aliyelia.

Rufina aliunga waya, akazungusha pete.

Sauti haikufifia.

Akazungusha tena, polepole zaidi. Kusini, ileile. Kaskazini, ileile. Mpigaji hakuwa upande wowote. Ilikuwa kama tumekaa ndani yake.

Kisha miito ya kisanduku ikazama chini ya kitu kingine. Pumzi. Mdomo unaotafuna. Tuligawana hedifoni moja, shavu kwa shavu, na sote wawili tulisikia.

"Redio. Mwambie mke wa mwanangu. Amekanyaga waya wangu."

Rufina alitazama chini.

Chini ya kisigino chake ulitokeza waya wa shaba. Mng'avu. Ulitoka katika udongo wa kaburi. Tulimvisha shuka na rozari kabla ya wanaume kumpandisha. Waya hatukumtilia.

Rufina hakukimbia. "Redio," alisema, "mwambie mzee aniwie radhi." Akainua mguu.

Sauti ikakatika upande mmoja, safi, kama imekatwa kwa kisu.

Rufina akachora mstari wa pili, na miwili hiyo ikakutana kaskazini, mahali ambapo hakuna boti iliyotafuta.

Vijana walikwenda, Rufina amekaa mbele na dira mapajani. Kaspar alisimama majini kuwazuia, nao wakampita. Walirudi siku iliyofuata na Bonifas amelala juu ya mfuko mmoja wa saruji. Mingine yote aliitupa. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilimnywesha maji ya dafu kwa kijiko.

"Ulizungusha ule mpini siku zote hizo, shemeji?"

Alinionyesha viganja. Ngozi haikuwepo.

"Mikono ilikufa mapema, Agata. Sikuzungusha mimi."

"Nani, basi?"

"Alinipa mgongo." Alifumba macho. "Lakini kile kisogo nakijua."

Nilikwenda kukitazama kisanduku botini. Mpini ulikuwa umezungushiwa waya wa shaba, umefungwa fundo ambalo mtu mmoja tu kisiwani alilijua. Katika mikunjo ya waya, baada ya siku zote zile za maji ya chumvi, kulikuwa na udongo mwekundu. Ulikuwa bado mbichi.

Jumapili, baada ya misa, Kaspar aliamuru redio zote zitolewe zirundikwe mchangani mbele ya kanisa. Watu walizunguka.

"Nguruwe mmoja kwa kukanyaga kilima," alisema. "Na makopo haya yanazama leo, nje ya mwamba."

"Nguruwe nitalipa," alisema Rufina. "Redio huzamishi."

"Za nini? Za kuongea na mizimu?"

"Nyumba yako iko ukuta kwa ukuta na yangu, baba mdogo. Huwa unasikia nini usiku?"

Kaspar alitazama miguu yake. Aliponong'ona, sauti yake ilikuwa ya mdogo mtu.

"Kila usiku. Naziba masikio kwa pamba. Bado nasikia."

"Mbona hukumjibu?"

"Ungejibu wewe? Jina limefungwa! Atakayelitaja atamwita, atakuja mlangoni."

"Ameshakuja mara ngapi, na wewe umemfungia?"

Betri ilikuwa nyumbani. Waya wa antena ulikuwa umekunjwa. Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Tii.

Ilitoka katikati ya rundo. Mtoto aliyekuwa akilia alinyamaza. Bonifas, akiwa ameegemea ukuta wa kanisa, aliinua uso. Kaspar alirudi nyuma mpaka akakanyaga mawimbi.

Rufina alipiga magoti mbele ya redio. Safari hii hakugeuza mgongo, wala hakuiomba impelekee mtu neno. Aliitazama usoni, akaweka kidole kwenye kitufe.

"Mwiko wenu nitaulipia," alituambia. "Lakini mtu hataachwa njiani, nami nikiwa na mdomo."

Akabonyeza. Akavuta pumzi. Kisha akasema, kwa sauti kubwa iliyofika kilimani:

"Somanil."