Gari Lililoingia Kichochoroni Lisitoke

Maneno yale yalimkaa karani wa kuhesabu magari kama mchanga ndani ya kiatu, kila akipiga hatua yanamchoma. Shangazi yake ndiye aliyeyaleta, huku anakunja nguo.

"Yule dereva wako wa gari la wagonjwa ana mtu kule kichochoroni, nyuma ya maduka. Anaingia amezima king'ora ili asisikike. Mimi sisemi, walisema."

Wako. Kweli alikuwa wake, wiki ya tatu hiyo.

Walikutana njia panda, pale palipotakiwa kujengwa jengo la ghorofa ishirini. Kabla ya kibali kutolewa, mhandisi alitaka kujua magari mangapi yanapita, mabasi yanasimama wapi, na mgonjwa akizidiwa au moto ukiwaka, gari la msaada litapenya wapi. Basi karani alikaa juu ya kigoda, kizibao cha manjano juu ya gauni la bluu, anachora vijiti, gari moja kijiti kimoja: vinne, cha tano kinakata. Upepo ukamnyang'anya karatasi, ukaibandika kwenye kioo cha gari la wagonjwa lililonasa kwenye foleni. Akashuka dereva, shati jeupe limenyooka kwa pasi.

"Dada, na mimi umenihesabu?"

"Wewe kijiti kimoja tu, kama wenzako."

"Basi nitapita mpaka niwe mzigo wa kuni."

Akapita kweli. Simu nazo zikaanza, kila mchana.

"Bi Karani, umekula?"

"Nimekula vumbi."

"Nakuletea maji baridi, kipenzi. Usinichore."

Sasa hili la shangazi. Karani hakumuuliza mwenyewe, aliziuliza karatasi. Alihamishia kigoda kwenye mdomo wa kichochoro, akaandika namba za magari yanayoingia na yanayotoka. Gari la wagonjwa likawamo: Jumatatu saa kumi na moja jioni, foleni inapokaza, limeingia. Mpaka anafunga kazi saa kumi na mbili, halijatoka. Jumanne vilevile. Siku sita, na mwandiko ni wake mwenyewe.

Simu ikalia.

"Kipenzi, umekula?"

"Muulize huyo wa kichochoroni."

"Wa kichochoroni nani?"

Akakata. Siku nne hakupokea, na siku nne chakula hakikupita kooni.

Siku ya tano mhandisi alikuja na ramani. "Hiki kichochoro hakitokei popote, kina ukuta mwishoni, na karatasi zako zinaonyesha gari likiingia linakaa humo humo. Tutakifunga tuweke maegesho. Kesho asubuhi napeleka ripoti."

Karani akajisemea moyoni, kifungwe hata leo. Lakini saa kumi na moja gari likaingia tena, king'ora kimezimwa. Wivu ukamnyanyua kigodani. Alilifuata kwa miguu, karatasi kwapani, akiwa ameshayapanga matusi yote, la kwanza mpaka la mwisho. Akapita kwa fundi cherehani, akapita kamba za nguo zilizoanikwa, akakata kona. Penye ukuta wa ramani palibaki matofali matatu na nyasi. Mbele yake kulikuwa na geti la nyuma la hospitali.

Dereva alikuwa anashusha machela. Juu yake mama mjamzito alimshika mkono, hataki kuuachia.

"Huyo ndiye mtu wako?" karani akauliza, pumzi juu juu.

"Ndiye wa leo. Jana alikuwa babu mwenye pumu. Kwa njia panda ni dakika ishirini, huku nne."

"Na king'ora unazima kwa nini?"

"Watoto wakikisikia wanajaa njiani kushangaa. Kwani wewe ulidhani nini?"

Karani akazitoa karatasi kwapani. Matusi yote yalikuwa yamemkimbia.

"Wanataka kukifunga," alisema. "Kwa ajili ya karatasi zangu."

"Basi tukapime, Bi Karani. Shika ncha ya kamba."

Wakapima upana wakichekana. Fundi cherehani akawaazima chaki, akawaambia ukuta ulianguka kwa mvua, mwaka wa tatu huu. Asubuhi mhandisi alitembezwa kwa miguu mpaka getini, akafuta maegesho, akaandika: njia ya dharura, isizibwe.

Mchana simu ikalia.

"Umekula?"

"Leo nimekula."

"Nataka kuja kwenu na wazee wangu, Jumamosi. Utaniandikaje?"

Karani akaitafuta kalamu kwanza, amtese.

"Nitaandika umeingia. Kama utatoka, muulize shangazi, yeye ndiye anayejua habari zako."

Nanyi mabinti, epukeni haya:

Kubeba neno la anayesema "walisema".
Kumhukumu mtu kwa karatasi, hata uliyoiandika mwenyewe.
Kukaa mlango mmoja wa njia ukadhani umeiona yote.
Kumkatia simu anayeuliza kama umekula.
Kuegesha gari au kuanika nguo anapopita mgonjwa.