Jina la Bilali Ndani ya Wimbo

Enyi wenzangu wa Kisangani, mnaopenda muziki kama ninavyoupenda mimi, nipeni masikio kidogo. Nitawaeleza habari za fundi Bilali, na kosa lake sitalificha, maana wengi wetu tungelifanya.

Bilali alishona nguo barazani kwake, kando ya njia, mtaani Kabondo. Asubuhi moja mkewe Kadidja alikuwa amemletea chai, wanacheka habari za majirani, mara gari jeupe likaja mbio na kumgonga mama Odile, muuza mihogo, likamvunja mguu. Aliyetoka kwenye usukani ni Ruphin Tonnerre, mwimbaji ambaye picha zake zimejaa mjini. Dereva wake Zacharie alishuka upande wa pili. Bilali aliwaona waziwazi; Kadidja alikuwa ameipa njia mgongo. Lakini polisi walipofika, Ruphin alisema dereva ndiye aliyeendesha, na Zacharie akatupwa gerezani.

Kesi ikaitwa, na Bilali akaandikwa shahidi. Ukumbi ulijaa watu waliokuja kupiga picha na nyota wao. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mara nne, na kila mara Bilali aliacha kazi, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, akarudi bila kuitwa. Nani asingechoka? Mimi ningechoka.

"Haki ya hapa iko ya wakubwa tu," akamwambia Kadidja.

Ndipo akaja katibu wa Ruphin, ananukia manukato. "Papa Bilali, bon, Ijumaa kesi itaitwa tena, ubaki tu nyumbani. Patron Ruphin atakutupia libanga ndani ya wimbo mupya."

Kutupiwa libanga, mnajua, ni jina lako kutajwa katikati ya wimbo, na hapa kwetu wapo watu ambao wangeuza mabati ya nyumba kwa ajili ya hilo. Bilali akakubali. Ah, Bilali!

Wimbo ukatoka upesi: "Bilali, fundi ya Kabondo, mikono ya zahabu!" Mtaa mzima ukacheza. Kadidja peke yake aliendelea kuchambua majani ya sombe.

"Na Zacharie, wamemutaja?" akauliza.

Bilali akatoka nje kucheza na majirani.

Alhamisi akafika mama Félicité, mzazi wa Zacharie, na suruali ya mwanawe mkononi.

"Fundi, punguza hapa kwa kiuno. Kesho atasimama mbele ya juge, na mutoto amekonda sana."

"Nipunguze kiasi gani, mama?"

Mama akakunja kitambaa kwa upana wa vidole vinne, kisha akaongeza cha tano. Hakujua kwamba anaongea na shahidi. Bilali aliona haya.

"Mama, unisamehe," akasema. "Niliona mwenye alikuwa anaendesha. Haikukuwa mutoto yako. Nilikubali kunyamaza. Lakini kesho nitakuja."

Félicité akamkabidhi suruali. "Alors, usichelewe," akasema.

Ijumaa mashabiki wa Ruphin walipomwona Bilali amekuja kushuhudia, walimzomea mpaka mlangoni mwa ukumbi. Mbele ya hakimu sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alisema yote, hata habari ya wimbo. Alipomaliza, Hilaire muuza mikate akasimama nyuma kabisa: "Hata mi niliona. Nilikuwa naogopa."

Baada ya wiki mbili Zacharie alifunguliwa, na Ruphin akaanza kushitakiwa yeye mwenyewe. Kesi hiyo haijaisha. Inaahirishwa kama kawaida. Lakini kila inapoitwa, watu kumi na wawili wa Kabondo wanakwenda pamoja na Bilali, wanakaa kwenye benchi, wanangoja.

MAFUNZO

Mahakama zetu zinatuchosha, na tuna haki ya kulalamika. Lakini shahidi anayebaki nyumbani humsaidia mkubwa kumfunga asiye na kosa. Tucheze nyimbo za nyota wetu, ila tusiwauzie tulichokiona kwa macho yetu. Uliyeona, nenda ukaseme. Ukiambiwa urudi siku nyingine, rudi, na umchukue jirani yako.