Jirani wa Sehemu ya Kumi na Nne

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kidole alimpelekea babu yake chai na kumjibu swali lilelile mara tatu au nne.

"Leo siku gani?"

"Jumatatu, babu."

Babu alikunywa mafunda mawili. "Hivi leo siku gani?"

"Jumatatu ileile, babu, haijaenda popote," akasema Kidole, na wote wawili wakacheka. Zamani babu alikuwa fundi redio hodari, mtu aliyeweza kujua ubovu wa redio kwa kuisikiliza tu ikikoroma. Sasa ugonjwa wa ubongo ulikuwa ukimla kumbukumbu kidogo kidogo, na siku nyingine alimwita mjukuu wake kwa jina la shangazi yake. Kidole alicheka naye, lakini akitoka nje roho ilimuuma.

Shuleni walimwita Kidole kwa sababu alichapa kompyuta kwa kidole kimoja tu, mbio mbio kama kuku anayedonoa mahindi. Shule nzima ilikuwa na kompyuta moja, katika chumba kidogo cha chama cha sayansi. Kila Jumatano shangazi yake, mtaalamu wa kompyuta katika maabara ya hospitali, alikuja kuwafundisha. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mifano ya kompyuta inayoonyesha jinsi ugonjwa kama wa babu unavyosambaa ndani ya ubongo.

"Katika ubongo wa mgonjwa kuna protini zilizojikunja vibaya," aliwaeleza. "Zikiwa ndani ya seli moja, huzipotosha zilizo nzima, kisha huhamia seli nyingine. Tukijua zinapita njia gani, tutajua ugonjwa unaelekea wapi kabla haujafika. Huenda siku moja madaktari wakauwahi njiani."

Akawapa ramani ya ubongo uliogawanywa sehemu themanini, kila sehemu na namba yake. Akawapa picha za ubongo wa mgonjwa asiyetajwa jina, ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa tano. Mwisho akawapa bunda la karatasi lenye mistari mia nne ya namba, zinazoonyesha nyuzi za neva zimeunganisha sehemu ipi na ipi. Walitakiwa kuandika programu itakayoanza na picha ya kwanza na kuifikia ya mwaka wa tano yenyewe.

Mwenzake Kidole, kijana aliyeitwa Chapchap, aliliangalia lile bunda akaguna. "Mistari mia nne? Si tutazeeka hapa! Kila sehemu imwambukize jirani yake aliye karibu, yaishe." Kidole naye akaona ni sawa. Bunda likawekwa juu ya kabati.

Jumatatu iliyofuata mwalimu mkuu alichungulia mlangoni. "Nina madawati mabovu yananyeshewa na mvua, na nyinyi mmekaa mnapaka rangi ubongo! Jumatatu ijayo anakuja daktari bingwa. Akiona kuna la maana, chumba ni chenu. Akiona upuuzi, madawati yanaingia, nyinyi mnatoka."

Walipoiendesha programu, haikulingana na picha. Katika picha ya hospitali, ugonjwa ulitoka sehemu ya kumi na nne ukatokea sehemu ya sitini na moja, upande wa pili kabisa. Programu yao ikang'ang'ania kumi na tatu na kumi na tano. Wakabadilisha hiki na kile, wapi!

"Tuiandikie majibu," Chapchap akanong'ona. "Ukifika mwaka wa tano, paka nyekundu sitini na moja. Nani atajua?"

Kidole alisita. Kisha akakumbuka madawati, na kidole chake kikachapa.

Jumatano shangazi aliiangalia skrini, akapiga makofi. "Jamani! Hata sisi kuna mahali tumekwama miezi, na nyinyi mmepita! Kesho naupeleka huu mfano kwa wenzangu."

Chapchap alitabasamu hadi masikioni. Kidole alihisi uso unamchoma. Aliwafikiria watu wa maabara wakifuata njia isiyokuwepo, huku ugonjwa wa babu ukipita njia nyingine na kuwacheka. Shangazi alipofika getini, alisikia miguu ikikimbia nyuma yake.

"Shangazi, ngoja! Ule mfano haukujua kitu. Tuliuandikia majibu."

Shangazi aligeuka, akamtazama usoni. "Nimekasirika, sikufichi," akasema. "Uongo wenu ungefika hadi kwa wagonjwa. Lakini umenikimbilia mwenyewe, sikukukamata. Rudi ukafute."

Kidole akafuta. Mfano ukarudi kuwa mbovu kama mwanzo, na Chapchap akamnunia. "Umetuchongea! Haya, kawakaribishe madawati wenzako."

Jumamosi asubuhi mdogo wake Kidole alimeza sarafu. Mama alimpigia simu dada yake sokoni, dada mtu akamuuliza muuza dawa, muuza dawa akamsimulia kinyozi wa mtaa wa nne. Daktari wa zahanati alisema wasubiri, itatoka yenyewe. Saa kumi jioni akaingia jirani wa ukuta kwa ukuta, mikono kiunoni. Yeye na mama walikuwa hawasemeshani tangu walipogombania ndoo.

"Haya! Mtoto anameza sarafu, kinyozi wa mtaa wa nne anajua, mimi niliye hapa nikikohoa mnanisikia, napata habari nilipompeleka mwanangu kunyolewa! Ujirani gani huu?"

Kidole aliruka kitini. "Ujirani gani! Ndiyo, mama jirani, hilo ndilo swali! Asante sana!"

"Kuna nini?" jirani akashtuka. "Na huyu kameza nini?"

Lakini Kidole alikuwa ameshatoka mbio. Habari haikupita ukutani, ilipita kwa watu wanaosemeshana! Sehemu ya kumi na tano ilikuwa imegusana na ya kumi na nne, lakini huenda hazina uzi baina yao. Na nani ameunganishwa na nani? Yote hayo yalikuwa kwenye bunda lililolala juu ya kabati.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumapili mlinzi aliwafungulia chumba, shangazi akakaa nao. Chapchap alikuja huku bado amevimba, lakini alipoelezwa habari ya sarafu alicheka mpaka hasira zikamtoka. Yeye alisoma namba, Kidole akachapa, mstari kwa mstari. Walipofika mstari wa mia mbili na kumi waligundua wameruka mmoja, ikabidi warudi nyuma. "Polepole," Chapchap alisema, na Kidole alidhani masikio yanamdanganya.

Saa tisa wakaiendesha. Kumi na nne ikawaka nyekundu, kumi na tatu ikabaki nyeupe, kumi na tano nyeupe, kisha upande wa pili kabisa, sitini na moja ikawaka! Walipiga kelele hadi mlinzi akaja na rungu.

Jumatatu daktari aliingia, mama mfupi mwenye sauti ya chini. Mwalimu mkuu alisimama nyuma yake, na nje vijana walikuwa wameshabeba madawati.

"Vizuri," daktari akasema baada ya kuona. "Lakini picha hizi mlikuwa nazo. Mwenye majibu mezani hakosi kufaulu." Akatoa bahasha mkobani. "Huyu ni mgonjwa mwingine. Nawapa mwaka wa kwanza tu. Nipeni wa tano."

Chapchap alisogea sikioni kwa Kidole. "Afadhali ulituchongea."

Kidole aliingiza namba za sehemu zilizougua katika picha hiyo. Nyekundu ikatambaa kutoka uzi hadi uzi. Daktari akatoa mkobani picha ya mwaka wa tano, akaiweka kando ya skrini, akahesabu kwa kalamu, akahesabu tena. "Sehemu zilizougua ni tisa. Mmepata nane."

"Nane kati ya tisa!" Mwalimu mkuu aliwageukia wabeba madawati. "Nyinyi! Nani kawaambia mlete takataka hapa? Rudisheni!"

Chumba kizima kililipuka kwa vifijo. Chapchap alimkumbatia Kidole hadi miwani yake mwenyewe ikaanguka.

"Na ile ya tisa?" daktari akauliza.

"Hiyo hatujui," Kidole akasema.

"Hata mimi sijui. Jumatano nitakuja tuitafute."

Shangazi alimshika mpwa wake bega, akawatazama wanachama wote. "Njia ya mwongo ni fupi, watoto. Mfano wenu wa kwanza ulijua kusema kile tu mlichoutia mdomoni. Mbele ya bahasha hii ungekuwa bubu. Huu wa leo umewagharimu aibu, ugomvi na mistari mia nne, lakini umemtambua mgonjwa msiyemjua. Kazi ya kweli ndivyo ilivyo, inamfaa hata mtu ambaye hujawahi kumwona."