Mazishi Katika Wimbo wa Mwisho

Jumamosi ile ilianza kama siku nyingine yoyote ya kazi. Bilha, fundi wa nguo hapa Nyamasaria, alimaliza kupiga pasi, akamfunga mwanawe Walter mgongoni, akafunga kibanda na kwenda kumpelekea mdogo wake gauni. Mdogo wake anaitwa Lornah. Ukiwa na simu, huenda umemwona. Ni yule msichana wa Nyalenda aliyeanza kwa kujirekodi akiimba huku anafua, watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka wakaanza kusikiliza. Kufikia mwaka jana wafuasi wake mtandaoni walikuwa wamepita laki mbili.

Kampuni za muziki zilimwita Nairobi, akakataa. Alitaka kutoa albamu yake mwenyewe, bila bosi. Kila wimbo uwe na video yake, na video zote zikifuatana ziwe hadithi moja. Halafu hadithi hiyo aipeleke jukwaani, iimbwe na kuigizwa mbele ya watu katika ukumbi mmoja hapa mjini Kisumu. Hadithi yenyewe ilikuwa ya msichana anayechukuliwa na ziwa, na mwili wake usionekane tena. Msichana huyo Lornah alimpa jina lake mwenyewe. Alisema mashabiki hawataki mtu wa kubuni, wanamtaka yeye.

Siku hiyo walikuwa wanapiga video ya wimbo wa mwisho, wimbo wa mazishi. Mpiga picha alikuwa Ouma, kijana mwenye mizaha na kamera moja nzuri. Walichimba shimo ufukweni, nyuma ya mafunjo, kina chake urefu wa mkono. Lornah alitarajia kulala humo yeye mwenyewe, lakini maji yalianza kupanda kutoka chini, na kifua chake hakipendi baridi.

Hapo ndipo Ouma alipokumbuka yago. Kila mtu wa huku anaujua mti wa yago, na matunda yake marefu mazito yanayoning'inia kama soseji. Mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, jamaa huzika tunda la yago mahali pake, ili naye awe na kaburi. Ouma alikuwa ameona mjomba wake akizikwa hivyo. Alisema watazamaji wakiona yago watalia bila kuombwa.

Alirudi na tunda moja begani, zito kama mtoto wa mwaka mmoja.

"Mwigizaji huyu ni mzuri, Mama Walter," alimwambia Bilha. "Hasumbui, hakohoi, haulizi chakula kiko wapi."

Wakacheka wote. Wakalivika tunda lile gauni jeupe alilolileta Bilha, lile lenye riboni mabegani, wakalizungushia shuka, wakalishusha shimoni. Akina mama wanane wa mtaani walikuwa wameombwa kuja kuomboleza. Walianza kwa aibu, wakisukumana. Kisha mmoja akaita, "Lornah, umetuachia nani?" na mwingine akaitikia, na baada ya muda hakuna aliyekuwa anaigiza tena. Walilia kwa machozi ya kweli. Lornah alikuwa amesimama nyuma ya kamera, hai, akila njugu, akisikiliza jina lake likililiwa.

Mvua ikaja ghafla kutoka ziwani. Wakakimbia kuokoa kamera. Walilifukia shimo haraka ili lisije likamwangusha mtu, wakaondoka. Hakuna aliyelifukua tena.

Wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa, albamu ikatoka. Kufikia jioni watu elfu arubaini walikuwa wameitazama. Lornah alimpigia Bilha simu akicheka na kulia pamoja. Bilha akafungua video ya mwisho kwenye simu yake, akaanza kusoma maoni yaliyoandikwa chini yake. Mengi yalikuwa ya sifa. Katikati yake kulikuwa na mengine. Pole kwa familia. Mungu awape nguvu. Alikuwa msichana mwema, nilisoma naye. Bilha alidhani ni utani wa mashabiki. Lakini huyo wa mwisho alimfahamu. Alikuwa Ajwang, aliyekaa dawati moja na Lornah shuleni, na hakuwa mtu wa utani.

Jumamosi asubuhi walikwenda pamoja kioski cha maji kule Nyalenda, Bilha mbele, Lornah nyuma yake na mtungi wa njano. Bilha alipomaliza kujaza, muuza maji akaita mwanamke aliyekuwa nyuma ya Lornah. Lornah akasema zamu ni yake. Muuza maji akajaza mtungi wa yule mwanamke, akaita mwingine, na mwingine tena. Hakumkatalia. Hakumkasirikia. Macho yake yalimpitia Lornah kama mtu anavyotazama kupitia dirisha wazi.

Bilha aliukamata mtungi wa mdogo wake akaujaza yeye. Alijiambia ameona vibaya kwa kukosa usingizi, kwa sababu Walter alikuwa anaota meno.

Jioni ile mama yao akapiga simu kutoka nyumbani Nyakach. Alikuwa ananong'ona. Alisema tangu mchana watu wanaingia bomani na unga na sukari, wanakaa, wanampa pole. Alikuwa amewafukuza wa kwanza. Kisha mmoja akamwonyesha ile video.

"Nyathina, mwanangu," mama alisema, "nani aliwaambia mzike yago?"

Bilha akaeleza kwamba lilikuwa igizo tu, la albamu.

"Yago haijui kuigiza." Mama alizidi kushusha sauti. "Mmeiambia ardhi kwamba ziwa lina mtu wetu, na mkataja jina. Ziwa halina mtu. Sasa litakuja kumchukua wake."

Aliagiza lile tunda lifukuliwe kabla Lornah hajaliliwa mara ya pili. Na ikishindikana, ikitokea ameliliwa tena, basi Lornah mwenyewe aitikie jina lake, kwa sauti yake, hapo hapo, kabla ya kitu kingine chochote kuitikia. Bilha aliuliza ni kitu gani kingine kingeweza kuitikia. Mama alikuwa ameshakata simu.

Kuliliwa kwake mara ya pili kulikuwa kesho yake, saa kumi, kwenye onyesho la ukumbini, mbele ya watu mia tatu.

Bilha si mtu wa kubishana. Tangu utotoni Lornah ndiye aliyekuwa anasemea wote wawili. Lakini Jumapili asubuhi alikwenda Nyalenda akamsihi mdogo wake aufute ule wimbo kwenye onyesho. Lornah alimsikiliza, kisha akamshika mashavu kama mtoto.

"Sista, nimefanya hii kitu miaka mitatu," alisema. "Wimbo wa mwisho ndio hadithi. Nikiutoa, hakuna kitu."

Basi Bilha akamwachia mtoto jirani, akamtafuta Ouma. Ouma alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Walipanda tuktuk hadi mwisho wa barabara, wakatembea. Ilikuwa saa nane na kitu mchana, jua kali, ziwa limetulia. Kaburi lilikuwa pale pale, na udongo wake ulikuwa sawa, haujaguswa. Majani mafupi yalikuwa yameanza kuota juu yake.

Ouma akachimba. Urefu wa mkono, hakuna kitu, hata maji. Akachimba mpaka kiunoni.

Jembe likakamata nguo. Bilha akashuka akaivuta kwa mikono. Ilikuwa ile shuka. Haikuwa imechanika wala kuoza. Ilikuwa imekunjwa, kona kwa kona, vizuri kabisa, kama anavyokunja mtu aliyeamka mapema na ana safari.

Tunda halikuwemo. Gauni halikuwemo.

Simu ya Bilha ikalia pale pale shimoni. Alikuwa ni Wanjiru, yule dada wa spika na maikrofoni aliyekuwa anatayarisha ukumbi. Alisema samahani kwa usumbufu, lakini Bilha amwambie mdogo wake ashuke jukwaani apumzike. Amesimama pale tangu ukumbi ulipofunguliwa. Haongei na mtu. Na lile gauni jeupe limelowa, maji yanachuruzika hadi kwenye nyaya za spika.

Akatuma picha.

Bilha aliitazama mara moja tu. Akampa Ouma. Ouma akaichukua simu, akatazama, akairudisha, akaketi chini kwenye udongo.

Bilha akampigia Lornah. Simu ikaita. Ikaita tena.

"Sista, uko wapi na nguo zangu za onyesho? Nimekaa hapa nyumbani nakungoja wewe tu."

Bilha alimwambia afunge mlango. Lornah akaanza kubisha, kama kawaida yake. Bilha akamtumia ile picha. Akasikia komeo la mlango likisukumwa. Kisha Lornah, ambaye hajawahi kuogopa jukwaa wala watu, akanong'ona.

"Mimi niko hapa, sivyo? Sista, si mimi niko hapa?"

"Uko hapo. Usikate simu. Nikikuambia ujibu, jibu."

Wakakimbia. Ouma alijaribu kumpigia Wanjiru kwa simu yake ili asianze, lakini hakupokea. Tuktuk waliyoipata ilizama kwenye tope jeusi la Nyalenda, wakasukuma, ikakataa, wakaiacha. Walikimbia kwa miguu hadi mjini. Viatu vya Bilha vilibaki njiani. Aliibana simu sikioni njia nzima, akisikiliza pumzi za mdogo wake. Hilo tu ndilo alilotaka. Pumzi.

Walifika saa kumi na dakika kumi. Mlangoni walisikia muziki. Ulikuwa wimbo wa mwisho.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wameinua simu zao wakirekodi. Jukwaani, wachezaji walikuwa wamesimama nusu duara, na katikati yao yupo yeye. Sura ya Lornah. Shingo ya Lornah. Riboni ambazo Bilha alizishona kwa mkono. Wimbo ulikuwa unatoka kwenye spika, sauti iliyorekodiwa, na midomo yake ilikuwa inaufuata. Ila ilichelewa kidogo. Kila neno, ilichelewa kidogo.

Alikuwa hapepesi macho.

Wachezaji wakamlaza kwenye mkeka. Mmoja wao alipomgusa bega aliuvuta mkono wake haraka, akaupangusa kwenye suruali. Wakamfunika shuka. Muziki ukazimwa, kama ilivyopangwa. Wale akina mama wanane wakaingia kutoka pembeni.

"Lornah," akaita wa kwanza. "Lornah, umetuachia nani?"

Watu wa ukumbini walikuwa wanaujua wimbo. Walikuwa wameusikiliza siku tatu. Wakaitikia wote, mia tatu, kwa sauti moja.

"Lornah."

Bilha alipita katikati yao akiwakanyaga. Alifika kwa Wanjiru, akainyakua maikrofoni, akaibandika kwenye simu.

"Lornah," ukumbi ukaita tena.

"Jibu," alinong'ona Bilha. "Jibu sasa."

"Niko."

Sauti ilitoka kwenye spika zote, kubwa, yenye kutetemeka. Ilikuwa sauti ya mtu anayelia. Ukumbi ukanyamaza kabisa. Na katika kimya hicho kila aliyekuwa mbele alijua kwamba amesikia sauti mbili. Moja ya spika. Moja ndogo, ya karibu, chini ya shuka.

Nayo ilikuwa imesema, "Niko."

Ouma ndiye aliyepanda akaifunua shuka. Juu ya mkeka kulikuwa na tunda la yago ndani ya gauni jeupe lililolowa. Hakukuwa na kitu kingine.

Watu wakainuka kwenye viti. Wakapiga makofi. Walipiga makofi kwa muda mrefu, wengine wakilia, wakiulizana wamefanyaje ule ujanja, na yule msichana amepitia wapi.

Bilha hakungoja. Alimkuta Lornah nyumbani, ameketi kitandani, simu bado sikioni. Alikuwa mzima. Alikula ugali na samaki, akalala. Mama alifika kesho yake, akalichoma lile tunda na lile gauni, akamwomba Mungu kwa sauti hadi ikakauka. Bilha alimuuliza kwa siri, kama sauti mbili zimeitikia pamoja, jina ni la nani. Mama alisema ni la sauti iliyotangulia kuitikia.

Ouma alikuwa na sauti za onyesho lote, zilizonaswa na mashine ya Wanjiru. Alikaa nazo siku mbili, akirudia sehemu ile moja. Kisha akazifuta. Bilha alipomuuliza ipi ilitangulia, alisema hakumbuki, na hakumtazama. Sasa anapiga picha za harusi Busia.

Lornah alihamia kwa Bilha hapa Nyamasaria. Anasaidia kazi za nyumbani, anambeba Walter, anacheka mahali pa kucheka. Haimbi. Mwezi uliopita, baada ya chakula cha mchana, alisema amechoka kuona watu wakiitazama ile albamu, anataka kuiondoa mtandaoni. Bilha alifurahi. Akaketi karibu naye.

Lornah akaweka kidole gumba kwenye simu yake. Simu haikufunguka. Iliandika kwamba kidole kimelowa, akikaushe ajaribu tena.

Akakipangusa kwenye sketi. Simu ikaandika yale yale. Akajaribu kidole kingine, na kingine, hadi vyote kumi. Kisha akageuka akamuuliza Bilha, kwa upole tu, kama Bilha anaikumbuka namba ya siri ya simu hiyo, kwa sababu yeye haijui.

Bilha alikishika kile kidole gumba. Kilikuwa kikavu, na kilikuwa na joto. Alikitia unga wa ngano uliokuwa mezani, akakisugua, akakipuliza. Akakiweka kwenye kioo yeye mwenyewe, polepole, akakibana.

Simu ikatetemeka mkononi mwake. Kidole kimelowa.